Bei kwa Kichwa

Bei yangu ya kwanza niliiokota kwenye boti ya baba, na sikuwahi kuuliza inatoka wapi. Boti ile ya injini ilisafirisha watu kutoka Rumonge kwenda Nyanza-Lac na Kabonga, na miaka ya vita, barabara ilipokuwa na watu wa kuvizia magari, aliyeweza kuchagua alichagua ziwa. Baba alihesabu vichwa. Mnene, mwembamba, mwenye gunia la mihogo, mwenye mkoba wa ngozi, wote kichwa kimoja bei moja. Mtoto wa mgongoni peke yake ndiye hakuhesabiwa. Hesabu hiyo ilinilisha na kunisomesha, nikaamini kwamba ndiyo haki yenyewe.

Mimi nilijifunza kompyuta Bujumbura kwa shangazi, nikarudi Rumonge nikiwa na miaka ishirini na miwili na kiburi cha watu watatu. Mzee mmoja, karani mstaafu, alikuwa amefungua ofisi ya kuchapa karibu na soko: kompyuta moja, skana, mashine ya kuchapia ya rangi, na jenereta iliyokohoa nyuma ya nyumba. Asubuhi nilimchapia barua za watu. Mchana mashine ilikuwa yangu, kwa sharti ninunue mafuta ya jenereta. Hapo ndipo nilipoanza kutengeneza picha.

Watu walileta kilichobaki. Nyumba zilikuwa zimeungua na albamu zake, lakini kwa sababu ya vizuizi vya askari hakuna aliyetembea bila karangamuntu, yaani kitambulisho, kwa hiyo marehemu wengi walikuwa wameacha picha moja tu, ndogo kama kidole gumba, yenye muhuri shavuni. Niliziingiza kwenye kompyuta, nikafuta muhuri, nikanyoosha mikunjo, nikakuza, nikamvisha mtu koti na tai ambazo hakuwahi kuwa nazo. Kisha wakaanza kuomba niwaunganishe: mume wa kwenye karangamuntu, mke wa kwenye picha ya harusi ya jirani, mtoto wa kwenye kadi ya shule, wasimame pamoja kama familia iliyokwenda studio siku ya Idi. Nilikuwa hodari. Sitajifanya mnyenyekevu kwa hilo, hapakuwa na mwingine mjini aliyeweza.

Kutaja bei ndiko kulikonishinda. Mwanzoni nilisema chochote kilichonijia mdomoni. Jirani mmoja nilimfanyia bure, na huyo wa bure ndiye aliyerudi mara tano nimpunguzie mumewe tumbo. Mfanyabiashara wa mawese alinipa nusu ya tulichopatana, akaniambia kizuri chajiuza, sasa kelele za nini. Kila mteja alikuwa ugomvi, na mimi kwa ugomvi sihitaji kusukumwa. Mwisho nikachoka, nikachukua kipande cha katoni, nikaandika: kichwa kimoja, bei moja. Mzee alicheka, akasema nimemfungulia bandari ndani ya ofisi. Lakini kelele zilikwisha wiki hiyohiyo, maana hesabu ile kila mtu aliijua tangu utotoni. Nikajiona nina akili.

Siku moja ya soko alikuja mama mmoja kutoka Minago. Alikuwa ametoka kuuza mawese, vidole bado vinang'aa, akawa anaogopa kushika picha zake mwenyewe. Wazazi wake walikuwa Wakongo wa Kivu Kusini, na alinizidi miaka kama kumi. Mumewe na mtoto wake wa kwanza walikuwa wamekufa ndani ya gari moja, barabarani. Mdogo alikufa baadaye kwa surua, kwenye kambi ya waliokimbia vita vilimani. Alinieleza yote hayo kwa utaratibu, kama mtu anayejibu maswali ya ofisini. Alitaka picha moja ya kutundika ukutani, wote wanne.

Mume alikuwa kwenye karangamuntu, mtoto mkubwa kwenye kadi ya shule. Yeye mwenyewe alikuwa na picha moja tu maishani, ya siku ya ubatizo, amesimama mbele ya kanisa na mdogo mgongoni. Mtoto alichungulia juu ya bega la kushoto, kofia ya sufu kichwani, jicho moja amelifumba kwa ajili ya jua. Hakuwa na picha nyingine.

"Vichwa vinne," nikasema.

"Niko na feza ya watu tatu, dada." Akaweka kidole karibu na lile bega bila kuligusa. "Huyu naye munamuhesabu? Huyu iko mugongoni."

Nilielewa vizuri sana anachosema. Lakini wateja wawili walikuwa kwenye benchi wanasikiliza, na nikaona kabisa kwamba kesho wote watakuja na watoto wa mgongoni.

"Mama, kwenye kompyuta hakuna mugongo," nikamjibu. "Kichwa ni kichwa."

Mmoja wa wale wa benchi akacheka, na mimi nikafurahi kwamba nimesema neno la kuchekesha. Mama akainama. Nilidhani anatafuta pesa kwenye fundo la kitenge chake, kumbe alikuwa anachagua.

"Toa mutoto," akasema. "Baba yake na mukubwa, watu wanawajua. Huyu hakuna mutu alimujua."

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Mtoto alikuwa tayari ndani ya picha. Kumwacha pale hakungenigharimu hata dakika moja. Kumtoa ndiko kulikokuwa kazi. Nilishinda mchana kutwa nikichukua kipande cha ukuta wa kanisa na kukibandika juu ya kofia, kipande cha kitenge na kukibandika juu ya vidole vidogo vilivyoshika bega, nikihakikisha maua ya kitenge yanafuatana. Nilichoma mafuta, nikaumiza macho, ili nimpe mteja kile alicholipia na si zaidi. Ningetoza saa zangu, kama fundi yeyote mwenye akili, yule mtoto angekuwa wa bure. Hilo sikuliona. Nilichokiona ni kwamba bega limetoka safi, na nikamwita mzee aje alitazame. Kisha nikahifadhi kazi yangu juu ya ile ya mwanzo, hiyo ikafutika, kwa sababu diski ilikuwa ndogo na ndiyo ilikuwa desturi yangu.

Mama alirudi soko lililofuata. Alimtazama mumewe, akamtazama mkubwa, halafu akapitisha kidole gumba kwenye lile bega, mara mbili, taratibu. Akasema murakoze, yaani asante. Akaifunga picha kwenye plastiki pamoja na zile ndogo, akaondoka.

Majuto ni mjukuu, na wangu alichelewa kuzaliwa. Ilipita miezi. Siku moja mwenye duka alileta picha ya harusi, akataka shemeji yake aliyegombana naye aondolewe. Nikataja bei kubwa papo hapo. Akalalamika, nikamweleza kwa ukali kwamba kumtoa mtu ni kazi kuliko kumweka, lazima ujenge ukuta uliokuwa nyuma yake. Nilisikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, nikakaa chini nikiliona lile bega. Yule bwana alidhani nimeumwa ghafla, akaniambia nikanywe maji.

Niliichana katoni. Tangu siku hiyo natoza saa za kazi, wino, karatasi na mafuta, na ninapatana mapema mteja atarudisha kazi mara ngapi. Vijana wanaochora kwenye kompyuta wanakuja kuniuliza nimejifunza wapi, na wananiona mjuzi. Siwaambii yote.

Kila siku ya soko nilimtafuta yule mama kati ya wauza mawese. Nilitaka kumwomba ile picha ndogo kwa saa moja tu, nimtengenezee nyingine bila malipo. Wenzake waliniambia kijiji chao kimehama, wengi wamevuka kwenda Kigoma. Niliona aibu, na bado ninaiona ninapoandika haya.

Alikuja mwenyewe, miaka ile watu walipoanza kurudi kutoka Kigoma. Nilimtambua kabla hajanisalimu. Alikuwa na picha kubwa tu, imehifadhiwa vizuri kwenye plastiki yake. Zile ndogo zililoa kambini, msimu wa mvua, zikashikana zote.

"Nimeleta feza ya ule mutu wa ine," akasema. "Unaweza kumurudisha?"

Nilimkalisha karibu nami, nikafungua kompyuta, nikalikuza lile bega mpaka likajaza kioo chote, ingawa nilijua hayumo. Palikuwa na kitenge tu, maua yamefuatana vizuri. Nikamwambia hapana mama, nilimfuta, nisamehe.

Akaangalia noti zilizokuwa mkononi mwake, akaniuliza kama bei imepanda.