Kopo Lililoandikwa "Ya Ngozi"

Mashine ilimwambia Mama Pasi kwamba hajulikani.

Ilimwambia kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba, asubuhi na mapema, mlangoni pa chumba cha kufulia cha hosteli, mbele ya foleni nzima: "Hujulikani. Jaribu tena." Mama Pasi akafuta kidole kwenye aproni, akajaribu tena. Hujulikani. Miaka kumi na tisa amenyoosha mashuka ya pale, hata panya wa stoo wanamwamkia, leo kijisanduku kisicho na miguu kinamkana hadharani! Tena kilimchukua alama za vidole mwezi uliopita, kabla baridi haijakaza, na leo ndiyo kwanza kimeanza kazi.

"Shoga," akasema nyuma yake mkunja mashuka, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, "umefua mpaka umejifua mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Pasi alikuwa amekikodolea macho kidole chake. Kilikuwa laini, kinang'aa, na ile mistari aliyozaliwa nayo haikuonekana hata mmoja.

Msimamizi akamfungulia mlango kwa ufunguo, lakini akamshushia na hukumu. "Sheria mpya, mama. Mashine isipokutambua siku tatu mfululizo, inakufuta yenyewe kwenye orodha ya wafanyakazi."

"Lakini wewe si unaniona?"

"Nakuona vizuri tu. Tatizo mimi siyo mashine."

Baridi ya mwaka ule haikuwa na adabu. Mama Pasi alikuwa akitoka kwenye mvuke wa pasi na kuingia uani kwenye upepo, mara ishirini kwa siku, hadi mikono ikapasuka kama kidimbwi kilichokauka. Akikunja ngumi, damu inachungulia. Muuza dawa alimshauri aache kunawa kwa maji ya moto, anawe kwa vuguvugu. Ajipake mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu, na akilala avae soksi mikononi. Akanunua kopo la mafuta, akafuata masharti yote kwa wiki mbili, bila kuruka hata mara moja. Mafua nayo yalikuwa yamemziba pua hivi kwamba mchuzi uliungua jikoni na taarifa akaletewa na jirani.

Siku ya pili: "Hujulikani."

"Jaribu kidole cha mguu," Redio akashauri.

Siku hiyo Mama Pasi alirudi nyumbani akijiuliza. Mtu asiye na alama za vidole ni mtu gani? Hata mwizi anazo! Akaketi kitandani, akafungua kopo lake, akachovya kidole kwa huzuni.

Mumewe, fundi viatu, alikuwa amepiga magoti akipekua uvunguni. Fundi huyu alikuwa na desturi ya kununua dawa ya viatu kwa ndoo, kisha kuimimina kwenye makopo matupu ya mafuta ya mkewe.

"Mama watoto, hujaiona dawa yangu, ile isiyo na rangi? Hii niliyo nayo imeingia wazimu. Kiatu cha mwalimu nakisugua tangu asubuhi, hakitaki kung'aa. Kinalainika tu, kama shavu la mtoto."

Mama Pasi akachomoa kidole koponi. "Iko kwenye kopo gani?"

"Nililoliandika. Si ulinigombeza kwamba makopo yanafanana? Nikaandika langu."

Mama Pasi akageuza kifuniko. Herufi kubwa za kalamu nzito: YA NGOZI. Na yeye, wiki mbili zilizopita, alipoyaona maandishi hayo alisema moyoni, jamani, mume wangu ananijali!

"Ngozi ya nani, we mwanamume?"

"Ya ng'ombe! Kwani viatu vinashonwa kwa karatasi?"

Mama Pasi akahesabu siku kwa vidole vile vile vinavyong'aa. Wiki mbili! Asubuhi, mchana, jioni, amejipaka dawa ya viatu, na nta imejaza kila mfereji wa vidole vyake. Wiki mbili mume anamwambia, "Mke wangu, unang'aa," na kumbe alikuwa anasema kitaalamu.

"Na hukunusa?" fundi akauliza, mdomo wazi.

"Nina mafua! Wewe je?"

"Pua yangu ilistaafu zamani. Kwangu mimi dunia nzima inanuka dawa ya viatu."

Akaleta beseni la maji vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini.

"Ukileta brashi, naondoka."

"Tulia, hii ndiyo kazi yangu." Akasugua kidole kimoja kimoja, polepole, kama kiatu cha bwana harusi. Mistari ikarudi, na nyufa zikarudi nayo. Akamkausha kidogo, akampaka mafuta yaliyokuwa yakikilea kiatu cha mwalimu, akamvika soksi.

Siku ya tatu foleni nzima ilinyamaza, hata Redio. Mama Pasi akabandika kidole. Mashine ikafikiri. Ikafikiri tena.

"Karibu."

Aliruka kwa mshtuko, akamkanyaga Redio. Mlio uliotoka pale ulisikika hadi uani.

Msimamizi alikuwa ameinamia karatasi iliyotemwa na mashine, amevaa shati ambalo Mama Pasi alimnyooshea jana yake.

"Mama Pasi, hapa inaonyesha siku mbili hukuwepo kabisa. Ulikuwa wapi?"

"Kwa fundi viatu, bosi," akajibu, akishika pasi yake. "Nilikuwa napigwa dawa."