Shimo Nililolisafisha Mantapala

Nilipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na sita, mke na kipara, nilijiona nimeelimika kuliko Tukuyu nzima. Elimu ile ilikuwa inaniwasha. Basi kanisa letu lilipotangaza kuwa linatafuta mtu wa kujitolea miezi miwili ya kiangazi nchini Zambia, kwenye makazi ya wakimbizi wa Kongo, nilisimama kabla mchungaji hajamaliza sentensi. Nilitaka kusaidia. Nakiri, nilitaka pia watu wajue kwamba nimekwenda kusaidia.

Tunduma tulivuka asubuhi. Kutoka hapo hadi Kasama, halafu Mansa, nilikaa kwenye basi mpaka ndevu zikaota na kuingia mvi. Siku ya tatu mchana ziwa Mweru lilitokea upande wa kushoto, linang'aa kama bati jipya, na Nchelenge ikanipokea kwa harufu ya chisense, dagaa wa kule. Walikuwa wameanikwa wengi kiasi cha kuezekea mkoa wa Mbeya.

Jioni pikipiki ilinifikisha Mantapala, kwenye makazi yale ya wakimbizi. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Kabange, mjane aliyevuka kutoka Pweto, kule Kongo, na mwanawe wa pekee, Ilunga, ambaye sasa alikuwa kijana wa kuoa. Aliniuliza kwetu tunakula nini.

"Ndizi," nikamwambia. "Mkungu mmoja unabebwa na wanaume sita."

"Weye mwalimu, unajua kudanganya!" Alicheka mpaka akashika mlango; pale kila anayekuja kusaidia huitwa mwalimu. "Hapa utakula bukari." Yaani ugali.

Haikupita wiki, wanawake wote wa pale bombani walinijua. "Mwalimu, leo ndizi inabebwa na batu ngapi?" Nami nilikuwa naongeza idadi.

Wiki ya tatu nikajua kilichokuwa kinamnyima Mama Kabange raha. Ilunga alikuwa amempenda Chanda, binti wa wavuvi wa Nchelenge, Wazambia. Mama wa binti, wanayemwita Bana Chanda, alikuwa amesema sokoni, watu wanasikia, kwamba mtoto wake hataolewa akale kwa foleni, maana yake unga wa msaada. Mama Kabange akamtumia neno: njooni siku ya Mungu, yaani Jumapili, mtakula bukari ya shamba langu mwenyewe.

Jumatatu ya wiki hiyo, asubuhi, mama alikwenda ziwani kutafuta samaki wa wageni. Nilibaki na jembe na elimu yangu. Chini ya shamba, kando ya kijito, niliona kidimbwi kimefunikwa majani. Nilipofunua, harufu ilitaka kuning'oa kope. Mihogo tele, imelainika, inatoa povu. Kwetu muhogo unachemshwa ukanywewa chai; wa namna hii umeoza, basi. Nikawaza mbu, nikawaza kipindupindu. Nilitoa wote, nikachimba shimo, nikaufukia na kumwaga majivu. Kazi ya dakika arobaini. Tena nilikuwa naimba.

Saa nane mama akarudi. Nilimkimbilia njiani. "Mama, nimekusafishia kule kijitoni!"

Alitua beseni la samaki. Alishuka mpaka pale, akatazama, akaketi chini.

"Mwalimu, umezika bukari ya bakwe."

Ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Ile ni mihogo michungu. Usipoilowesha siku kadhaa inaua mutu. Kesho angeitoa, siku tatu juani, Jumamosi angetwanga unga. Alikuwa ameng'oa yote iliyokomaa. Nikasema niifukue. Akasema, yenye majivu na udongo hailiki. Nikasema nikaombe unga kwa majirani.

"Hapana. Nilisema yangu."

Hakunifokea. Ningeshukuru kama angenifokea.

Jumapili mchana wageni walifika: Bana Chanda, mumewe na dada zake wawili, vitambaa vizuri kichwani. Mezani ukawekwa ugali mweupe wa mahindi, wa kwenye gunia la msaada. Bana Chanda aliutazama. Maji ya kunawa yakaletwa, hakunyoosha mkono.

"Mukwai," akasema kwa upole, kwa neno lao la heshima, "ulisema ya shamba."

Nikasimama na kueleza yote. Majirani waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. "Huyu njo ule wa ndizi!"

Bana Chanda hakucheka. Alimtazama Mama Kabange. "Bamayo, umetafuta muongo akusemee?"

Mama Kabange aliinamisha uso. Ilunga akatoka nje. Maishani nimeaibika mara nyingi, lakini zote zilikuwa aibu zangu. Hii nilikuwa nimemvika mtu mwingine.

Nikachukua jembe na kumwambia Bana Chanda, "Mama, naomba twende." Kule kijitoni nilichimba mbele yao, na shati langu jeupe la mahafali. Harufu ilipopanda, dada zake wakarudi nyuma. Bana Chanda alisogea. Akaokota muhogo mmoja, akaubinya, akavuta uzi wa katikati ukatoka wote. Kisha akatazama urefu wa lile shimo, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ilibaki siku moja," akasema. Akamgeukia Mama Kabange. "Bamayo, ulilima kweli."

Akarudi, akanawa, akala ule wa mahindi. Maneno ya ndoa yakaanza kabla sahani hazijaondoka. Mimi nilioga mara nne na bado nilinuka, na hapo siongezi kitu.

Siku zilizobaki nililima matuta ya Mama Kabange, kila alfajiri, nikiuliza kabla ya kugusa hata jani. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. "Usalimie batu yako," akasema, akarudi shambani.

Huku Tukuyu kanisa lilinipigia makofi kabla sijafungua mdomo. Nilisimulia mpaka mwisho, na makofi hayakurudi. Nilichojifunza ni kwamba mtu unayekwenda kumsaidia alikuwa na kazi yake kabla hujafika, na huenda ilikuwa imebakiza siku moja.

Mihogo mipya itangoja mvua, halafu zaidi ya mwaka ardhini. Mpaka hapo Chanda, ambaye sasa ni mke wa Ilunga, anakula kwa foleni. Aliyempanga kwenye foleni hiyo ni mimi.