Begi la Kumbebea Mume Wangu

Mume wangu ana mwaka mmoja na ushee, meno sita, na hana kazi. Ni mjukuu wangu, lakini kwetu bibi na mjukuu wa kiume wanataniana kama mke na mume. Kwa hesabu hiyo binti yangu, aliyemzaa, ni mama mkwe wangu, ila hajawahi kunitisha.

Jumamosi ilikuwa yetu wawili. Binti yangu na mumewe walikuwa wakienda kazini, nami namvalisha mtoto koti, namtia kwenye kigari chake, tunatoka Parkdale, mtaa tunaokaa hapa Toronto, kwa basi na treni mpaka mtaa wa Jane and Finch, nyumbani kwa rafiki yangu, ambako sisi akina mama wa Kiswahili tunakutana kunywa chai. Wajukuu wa wenzangu huja wakasalimia kwa Kiingereza, macho kwenye simu, wakapotelea chumbani. Wangu hukaa mapajani pangu akala chapati kutoka mkononi mwangu. Niliringa sana, wala sifichi.

Theluji ilipoyeyuka, binti yangu akabadilishiwa zamu, na mumewe vilevile. Wakatangaza mezani kwamba Jumamosi familia itakuwa inakwenda kupanda vilima nje ya mji, na mtoto atabebwa kwenye begi la mgongoni. Nikauliza familia ni nani. Binti yangu akajibu ni yeye, mumewe na mtoto, kwani mimi si kila siku nalalamika magoti? Ni kweli nalalamika. Lakini magoti yale nayalalamikia ili nisioshe vyombo.

Niliogopa. Bila Jumamosi, mtoto ningekuwa namwona jioni tu, akiwa amechoka na anamtaka mama yake, na siku moja naye angekuja kunisalimia macho kwenye simu. Hayo sikuyasema. Niliomba tu nami nipelekwe dukani kusaidia kuchagua begi.

Mabegi yalikuwa yamening'inizwa ukutani, yana fremu za chuma, mikanda, mifuko, hadi paa dogo la kuzuia jua. Nikaanza kazi. La kwanza nikasema paa lake litamziba mtoto pumzi. La pili lilikuwa jekundu, nikasema litaita nyuki. La tatu nikasema litampa matege, na nikamtaja mtu wa kijijini kwetu mwenye matege ambaye, kwa kweli, hakuwahi kubebwa kwenye begi la aina yoyote. Binti yangu akavuta pumzi ndefu. Muuzaji, msichana mpole asiyejua tunabishania nini, akatia vifuko vya mchanga ndani ya begi la nne ili mkwe wangu aupime uzito. Mkwe akazunguka nalo kati ya rafu, anatabasamu, hata jasho halimtoki.

Hapo ndipo nilipotoa silaha yangu kubwa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Mkono hatupeani. Nikimpa sahani naiweka mezani, naye ndipo anaichukua. Anayekosea hulipa faini, kuku au mbuzi, kutegemea kosa. Mkwe wangu amekulia hapahapa Toronto na wala si wa kabila letu, lakini miaka yote tuliyokaa nyumba moja ameishika mila hiyo bila kuteleza, na kwa hilo nampenda.

Basi nikamwambia binti yangu, kwa sauti ya kumfikia mumewe, kwamba begi hili linahitaji mtu wa pili wa kusimama nyuma na kukaza mikanda. Siku yeye akiitwa kazini ghafla, nyumbani nimebaki mimi, itakuwaje? Mimi nimshike mkwe wangu mabega?

Mkwe akalivua begi taratibu. Niliiona Jumamosi yangu ikirudi.

Yule msichana, bila kuulizwa, akashusha begi la tano. Lilikuwa na mguu wa kukunjua, likasimama sakafuni lenyewe. Mtoto anafungwa ndani, mtu anachuchumaa, analivaa peke yake. Nilimchukia kidogo.

Mume wangu akaketishwa humo, akafungwa, akacheka na kupiga makofi. Binti yangu akaenda kuchukua kigari tulichokiacha mlangoni. Mkwe akachuchumaa, akapitisha mikono, akainuka. Mkanda mmoja ulikuwa haujakazwa. Begi likalala upande, mtoto akainama nalo, kicheko kikakatika, akanitazama.

"Bibi," akasema.

Mila sikuikumbuka. Mkono mmoja ulishika fremu, wa pili ukatua begani kwa mkwe wangu, nikavuta mkanda mpaka begi likakaa sawa. Mkwe hakugeuka.

"Mama," akasema, "umenishika."

"Nimeona."

"Si kuna faini?"

Nikamwambia nitamlipa kuku, tena wa kienyeji, kama jiji hili linaye.

"Kuku sitaki. Nataka Jumamosi. Tutembee wote, mama, wewe ukae nyuma yangu umwangalie huyu. Tutakwenda polepole."

Kumbe alikuwa ameshanijua tangu begi la kwanza. Nilifurahi mpaka nikaona haya, nikajifanya naikagua mikanda. Binti yangu aliporudi na kigari akauliza tumeamua nini. Nikamwambia hili ni begi zuri, na paa lake halizibi pumzi hata kidogo.

Chai ya Jane and Finch tumeihamishia Jumapili. Jumamosi napanda vilima nyuma ya mkwe wangu. Mume wangu anageuza shingo kunitafuta, ananitupia kofia, naiokota, anaitupa tena. Magoti yananiuma kweli sasa, na hakuna anayeniamini.

Kabla hatujaanza kupanda, mkwe huchuchumaa, akalivaa begi, akasimama akingoja. Binti yangu yuko pale, mikono mitupu, angeweza kabisa kumkazia, lakini hatumruhusu. Naukaza mimi, mkanda wa kushoto, kisha wa kulia. Hapo nakuwa nimemshika tena, na faini ya Jumamosi ijayo imeshaingia.