Viazi vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alijulikana Kibumba nzima kwa ukaidi na kwa viazi. Siku ya misa ya mavuno ndiye aliyebeba kikapu kikubwa cha matoleo, akicheza kwa madaha mpaka altareni, na hakuna aliyethubutu kumtangulia. Misa ikiisha, kikapu hicho kilipelekwa kwa mtu aliyehamia kijijini karibuni kuliko wote. Mwaka nilioolewa kutoka Masisi kilikuja kwangu. Niliona aibu, kisha nikala.

Vita vilipotufukuza, mume wangu alikuwa Bunagana akitafuta kibarua. Mimi nilibeba sufuria. Mama mkwe alifunga viazi vya mbegu ndani ya kitenge, akavibeba mgongoni kama mtoto. Tulitembea na wanangu hadi Goma, tukajenga kibanda cha turubai kambini, juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo hata kusimamisha nguzo ni kazi ya kutoa jasho.

Wiki ya kwanza tulilala njaa. Nikaweka maji motoni, nikanyoosha mkono kwenye kile kitenge.

"Acha!" akasema. "Mbegu hatukulake."

"Mama, batoto banalia."

"Balie. Kesho batatupatia unga."

Nilimchukia, nasema wazi. Unga wa msaada ulikuja kweli, lakini haukuja kesho yake.

Yeye akaanza kuokota udongo. Alizunguka na kijiko, akakwangua nyufa za mawe, akajaza magunia. Majirani walisema bibi huyu anavuna vumbi. Nami nilicheka, kisha nikachukua sahani nikaenda kukwangua naye, maana nilichoka kukaa nikingoja kupewa. Tukapanda humo maguniani, na maji ya kunawia tukayamwagia humo humo.

Siku ya mavuno ilipokaribia, katekista alitangaza kwamba kila familia ilete kikombe cha unga wa msaada. Mama mkwe akasimama mbele ya watu wote.

"Ile unga ni ya bale benye banatupatia. Siwezi kuibeba mbele ya Mungu na kusema nimelima."

Akapindua magunia yetu. Viazi vilitoka vidogo, havikufika hata nusu ya kikapu. Alicheza navyo kwa madaha yaleyale, miguu peku juu ya mawe, mpaka kwenye meza iliyokuwa altare yetu.

Baada ya misa katekista alimrudishia kikapu kwa upole. "Mama, hapa siye bote tuko bakimbizi. Peleka kwako, batoto bakule."

Niliruka moyoni kwa furaha. Nilikwisha kuona sufuria inachemka.

"Hapana," akamjibu. "Miye niko mutu wa kutoa."

Asubuhi ile walikuwa wamefika watu kutoka Kiwanja, wamekaa juu ya mizigo yao kando ya njia. Mama mkwe alinigeukia, akanitwika kikapu kichwani. Hakuwahi kumwachia mtu mwingine akibebe.

Wanangu walinifuata wakinung'unika. Nami nilinung'unika, lakini sikupunguza hata kimoja. Mwanamke mmoja alipokea, akainamisha uso kwa aibu, akaniuliza tumetokea wapi.

"Kibumba," nikasema, mimi niliyezaliwa Masisi. "Kwetu tunalimaka viazi."