Theluji ya Shemeji

Mume wangu alikuwa na vipimajoto vitatu, na hakuna hata kimoja kilichowahi kutupasha joto. Kimoja alikifunga nje ya dirisha la jikoni. Cha pili kilikuwa kwenye roshani, upande usiopata jua. Cha tatu alitembea nacho mfukoni mwa koti, akikitoa kituoni na kukinyanyua juu, watu wanamtazama. Alisema kile cha jikoni hakiaminiki. Nilimwuliza kwa nini basi asikitupe, akanitazama kama niliyemwambia atupe mtoto.

Tulikuwa tunakaa Alby, pembezoni mwa Stockholm, miaka ya sabini, majengo bado yananukia saruji na treni imefika juzijuzi. Nilifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya asubuhi. Nilitoka kukiwa giza, nikawageuza wazee vitandani, nikawaogesha, nikawalisha, na nilipokuwa nashuka kwenye treni kurudi nyumbani giza lilikuwa limeshanitangulia. Nilikuwa na uchovu wa mgongo, na nilikuwa na uchovu mwingine ambao hata usingizi haukuuondoa. Mwisho wa juma nilitaka kitu kimoja tu, kulala. Badala yake nilipata wanaume wanne sebuleni wakibishana juu ya theluji, kama wengine wanavyobishana juu ya mpira, na mimi ndiye mwenye birika.

Wa kwanza ni huyo mume wangu, fundi umeme, aliyekuja kusomea ufundi ili arudi nyumbani baada ya masomo, jambo ambalo tulikuwa bado tunalisubiri. Wa pili alikuwa Mpemba aliyeosha mabasi kwenye karakana. Huyo baridi ilimhusu kweli, kwa sababu maji yalikuwa yakimgandia kwenye buti. Wa tatu alikuwa mzee wa Kiswidi wa ghorofa ya chini yetu, mjane, mstaafu wa meli za kuvunja barafu. Yeye alikuja mlangoni kwetu siku moja bila salamu ndefu kutuambia kuwa kipimajoto cha roshani kimefungwa vibaya, kinapata joto la ukuta. Mume wangu alimwona kama aliyetumwa na Mungu. Tangu siku hiyo mzee akawa anapanda na barometa yake, kile kipimo cha uzito wa hewa, chini ya kwapa, mpaka mwishowe akaiacha kwetu, ikaning'inia juu ya redio.

Wa nne ndiye ninayetaka kumsimulia. Alikuwa Mganda, na mimi nilimwita shemeji kwa sababu mume wangu alimwita ndugu. Kwao alikuwa mwalimu wa jiografia. Kiswahili alikiokota Nakuru alikofundisha kidogo, na alikisema polepole, akikipanga kama anayepanga mayai. Aliikimbia nchi yake usiku mmoja ambao hakupenda kuuzungumzia, na hapa Stockholm alikuwa anasafisha mabehewa ya treni. Alikuwa na chumba cha kupanga Hallunda, kituo kinachofuata. Aliniambia aliwahi kuwafundisha watoto habari za theluji mwaka baada ya mwaka, akichora ubaoni kitu ambacho hajawahi kukiona, na siku alipoiona mara ya kwanza alijilaumu kwamba aliwachorea kubwa mno.

Wanaume hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mume wangu akisema theluji itafika Jumapili, Mpemba alisema Jumanne. Mzee aligonga kioo cha barometa kwa kucha na kusema wote wawili hawajui kitu, na shemeji alieleza kwa nini mzee naye huenda amekosea. Redio ilipoanza kusoma habari za hewa ya pwani, kituo kwa kituo, hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Watoto wangu waliambiwa wanyamaze kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiswidi kwamba wamenyamaza. Halafu theluji ikifika kweli, wanaume walikwenda kuipima kwa rula, wakarudi wote wamejaa theluji mabegani na kofiani, wakaingia hivyo hivyo. Hapo nilikuwa mkali. Nani aliyepiga deki ile sakafu? Niliwasimamisha nje kama watoto wa shule: kung'uteni, panguseni, ndipo muingie. Hata mzee wa meli alinitii.

Januari ya mwaka ninaousema baridi ilikuja peke yake. Ilikuwa kavu, kali, ukivuta hewa pua inanata kwa ndani. Theluji hakuna. Ardhi ilikuwa nyeusi na ngumu, ziwa limeganda jeusi, na mchana ule mfupi ulikuwa na rangi ya chuma. Watu wasiokaa kule hudhani theluji ndiyo mateso. Theluji ni mwanga. Ikishuka, hata giza la saa tisa alasiri linapata nafuu, mtu anaona mlango wake. Baridi bila theluji ni kama msiba bila chai, na sote, hata mimi niliyewacheka, tulikuwa tunaingoja.

Mzee alitueleza mambo yalivyo, na kwa mara ya kwanza nilisikiliza. Hewa nzito ilikuwa imetukalia juu, imetulia kama ng'ombe aliyelala njiani. Mradi imelala hapo, anga litakuwa safi na baridi itazidi. Theluji huja baridi inapolegea. Kulikuwa na njia nyingine moja tu: upepo ugeuke utoke mashariki, upite juu ya bahari kabla haijaganda, uchote unyevu uje utumwagie. Lakini upepo haukuwepo kabisa. Moshi wa bomba la mtambo wa kupasha maji ulipanda wima, siku baada ya siku.

Jumatano mume wangu alirudi na shemeji, amemshika mkono. Simu ya upepo, yaani telegramu, ilikuwa imefika kutoka kwa ndugu wa shemeji aliyekuwa Nairobi. Mama yao amefariki, mazishi ni Jumamosi saa nane mchana, wanamsubiri dada wa Kisumu afike. Shemeji hakuweza kwenda. Mguu wake ungekanyaga uwanja wa ndege kule, kungekuwa na mazishi mawili. Hilo kila mmoja alilijua.

Mfiwa halali peke yake, kwa hiyo niliwatoa watoto chumbani mwao na kutandika magodoro sebuleni, chini, kama inavyotakiwa. Nakiri nilitandika huku nimechoka na nimekasirika, si juu yake, juu ya nchi zote mbili, ile iliyomfukuza na hii iliyotupa sakafu ya plastiki ya kukalia matanga. Mpemba alikuja moja kwa moja kutoka karakana. Mzee alipanda na mkate aliouoka mwenyewe, akaketi chini na sisi, magoti yakimlia.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Mfiwa wetu hakuanza. Alikaa mgongo wima, macho makavu, akishukuru kwa kila kikombe, na sisi tukavizuia vilio vyetu.

Jioni ile akazungumza. Alisema, "Mama yangu alikuwa anasema mtu mzuri akizikwa, mvua inanyesha. Hata matone tu. Kwetu mwezi hii ni kiangazi, haiwezi kunyesha. Basi nauliza ninyi, watu wa hewa. Hapa, Jumamosi, kitashuka kitu?"

Nilikuwa nimesimama na sinia. Jambo hilo hata kwetu liko, nimelisikia tangu utoto: mvua ya mazikoni ni baraka, mbingu zimempokea mtu wake. Mpemba alisema theluji nayo ni rehema, maji ni maji hata yakiganda, na hilo halikuwa na ubishi. Mume wangu akamtafsiria mzee. Mzee alivua miwani, akainuka, akaenda kwenye barometa. Aligonga kioo kwa kucha. Kisha akageuka akasema kwamba anaona upepo utageuka Ijumaa, utatoka mashariki, na huko nje ya visiwa bahari bado iko wazi, kwa hiyo Jumamosi theluji itashuka. Mume wangu akasema naye ameliona hilo tangu asubuhi. Mpemba akasema hata yeye, magoti yake yanamwambia.

Niliweka sinia chini. Kwa miaka yote niliyowapikia chai, watu hawa hawakuwahi kukubaliana hata juu ya siku iliyopita.

Shemeji aliwasikiliza mmoja mmoja, akaitikia kwa kichwa, akasema asanteni.

Nilimshusha mzee mpaka mlangoni kwake kwa sababu magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Pale ngazini nilimwuliza kwa Kiswidi changu cha kazini, kile cha kuwauliza wazee inauma wapi, kama upepo kweli unakuja. Alitikisa kichwa. Hakuna upepo, alisema, hakuna wiki hii wala ijayo. Alitafuta ufunguo wake akaukosa, nami nikamtolea kwenye mfuko uleule alioutazama mara tatu.

Ijumaa nilirudi kutoka kazini nikiwa hoi. Shemeji alikuwa peke yake jikoni, amesimama dirishani. Kipimajoto kile kisichoaminika kilikuwa kimeshuka kupita siku zote, na kwa mara ya kwanza vyote vitatu vilikubaliana. Nikavua viatu, nikakaa. Nilitamani asiniulize, kwa sababu mimi nimezaliwa na mdomo usiojua kupaka asali. Hapo nyumbani nilikuwa mtu wa kusema haitashuka, acheni upuuzi, kunyweni chai mlale.

"Shemeji," akasema, "wewe huna maneno ya kupamba. Kesho itashuka?"

Nje, moshi ulikuwa unapanda wima mpaka unapotelea. Alikuwa anauona. Nami nilikuwa nauona.

"Itashuka," nikasema.

"Hata wewe," akasema. Akaosha kikombe chake, akakifuta, akakiweka mahali pake.

Jumamosi kulipambazuka anga limesafika kama sahani. Saa nane ya kwao ni saa sita yetu, na kabla ya saa sita tulikuwa wote tumesimama kwenye roshani na makoti, mzee ameshika kofia mkononi na masikio yake mekundu. Mpemba alikuwa ananong'ona dua. Mume wangu alikuwa ameingiza mkono mfukoni, najua alishika nini, lakini hakukitoa. Jua dogo lilikuwa limekaa juu ya paa la jengo la pili na halikuwa na kazi yoyote. Tulitazama juu, watu wazima sita tukimhesabu na mwanangu mkubwa aliyejiona mtu mzima, na hakikushuka kitu. Hata unyoya. Saa sita ikafika, ikapita.

Nilisikia aibu ambayo sijaisikia tena. Kumdanganya mtu ni jambo moja, na kusimama naye kwenye baridi kuutazama uongo wako ukikosa kutimia ni jingine.

Ndipo shemeji akasema, "Mimi nimefundisha hewa miaka mingi. Ile barometa naisoma kama jina langu. Nilijua tangu Jumatano." Akahema, mvuke ukamtoka mdomoni. "Nilitaka tu mtu aniambie mama yangu alikuwa mtu mzuri. Mkaniambia, wote."

Hapo akalia. Alilia kwa sauti, kwa lugha ya kwao, akimwita mama, na majirani wa ng'ambo wakafungua mapazia wakayafunga tena. Mfiwa alikuwa ameanza, na sisi wa mbali tukaingia. Mume wangu alilia, Mpemba alilia, na mimi nililia na ya kwangu yote, mgongo, giza, miaka ya kusubiri kurudi. Mzee alivaa kofia yake, akaivua, akamshika shemeji bega asimwachie.

Baridi ilikaa mpaka ikatuchosha hata kuizungumzia. Ilipolegea nilikuwa nimeshasahau kungoja. Ilikuwa siku ya kazi, nimerudi nimechemsha maji, na niliposikia hodi nilijua kwa mlio wa vidole ni shemeji. Nilifungua. Nyuma yake, kwenye dirisha la ngazi, theluji ilikuwa inashuka nzito na nyingi, mapande kama sufi. Wanaume wangu walikuwa sebuleni na redio imewashwa, lakini hakuna aliyekuwa ametoka na rula, na rula ilikuwa mezani.

Shemeji alikuwa mweupe kofiani, mabegani, mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Hallunda. Alisimama nje ya kizingiti akainua mkono ili ajikung'ute, kama nilivyowafundisha.

"Imechelewa, shemeji," akasema.

Nikamshika ule mkono, nikamwingiza ndani hivyo hivyo alivyo. Alisimama katikati ya ukumbi wangu, kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki, na theluji ikaanza kuyeyuka juu yake, ikamtiririka usoni na kwenye koti, ikadondoka chini tone kwa tone. Nilikuwa na kitambaa cha deki mkononi, nikakirudisha kwenye ndoo.