Mauntini Yangu Ilisaga Miraa ya Posa, na Lawama Akabeba Baba Mdogo

Mhariri, ficha jina langu, na kijiji usikitaje, maana huku karibu na Muthara tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mwanamume wa miaka 28, mzaliwa wa 1970, sijaoa, na mambo yakiendelea hivi sitaoa. Kazi yangu ni kubeba miraa kwa baiskeli kutoka mashambani hadi zinapongoja pikapu za Nairobi. Swali langu ni la baiskeli. Najua kuna mtu atacheka. Acha acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Baiskeli yenyewe ni mauntini nyekundu, gia kumi na nane. Niliinunua nikifanya kibarua Embu, ile ya bei ya chini kabisa dukani, kwa sababu nilitaka kuonekana. Wenzangu wote wana zile nyeusi nzito za wazee, nami nikaona huo ni ushamba. Mwezi wa kwanza niliwapita mlimani nikiwapungia mkono. Mwezi wa pili gia zikaanza kuruka zenyewe. Wa tatu gurudumu la nyuma likapinda na spoki zikawa zinakatika moja moja. Keria nayo haikuwa na mahali pa kufungia, nikawa naishikilia kwa vipande vya tyubu. Sasa wao ndio wananipita, tena wananiuliza kama nauza.

Fundi mmoja wa Kinoru aliniambia nitoe gia zote, niweke gurudumu jipya la nyuma, spoki nene na keria ya chuma. Nikamuuliza, si hapo itakuwa ile nyeusi iliyopakwa rangi nyekundu? Akasema ndiyo, tena mbovu kuliko ile. Nilikasirika nikaenda zangu, na keria nikaiacha hivyo hivyo.

Nina msichana, nimwite Kendi. Tumependana miaka mitatu, na mwaka huu baba yake alikubali watu wetu waende. Kwetu huendi kuposa mikono mitupu. Unapeleka ncoolo, kitita cha miraa teule kilichofungwa kwa majani ya mgomba, na mwenye binti akikipokea ndipo mazungumzo yanaanza. Haitoki sokoni hiyo. Inachumwa kwenye miti ya zamani, ile iliyopandwa na babu. Baba yangu alishafariki, kwa hivyo aliyechuma ni baba mdogo, aliyenilea. Alipanda mti mwenyewe na magoti yake yale mabovu, akachagua kijiti kwa kijiti, ingawa macho nayo yameanza kuingia ukungu. Akaniambia nitangulie kwa baiskeli, miraa isinyauke, yeye na wazee wawili watakuja kwa miguu.

Kwenye mteremko, pale mvua ya mwaka jana ilipochimba barabara, tyubu zilikatika. Keria ikalala, kitita kikaingia kwenye gurudumu. Niliposhuka nilikuta majani yaliyosagika, grisi na matope. Nilikaa chini nikalia, sioni haya kusema.

Halafu nikafanya upumbavu. Nilikimbia sokoni, nikanunua miraa ya kawaida, nikaifunga upya kwa majani ya mgomba, nikaenda kuwangoja wazee mlangoni kwa kina Kendi kana kwamba hakuna lililotokea.

Baba yake Kendi alikifungua, akavunja kijiti kimoja, akatafuna kidogo. Hakunitazama mimi. Alimtazama baba mdogo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msemaji wetu.

"Hii ni miraa ya soko," akasema. "Binti yangu ndiye umempimia hivi?"

Baba mdogo alikichukua kijiti akakisogeza karibu na uso, akakigeuza, akakigeuza tena. Wakati wa kusema ulikuwa huo. Nilitazama viatu vyangu. Basi yeye akainama mbele ya wazee wote akasema, "Nisamehe, Mzee. Labda macho yangu yamekwisha, nimechuma mti usiofaa."

Tulirudishwa na kitita chetu. Tumeambiwa tunaweza kujaribu tena mvua zikiisha, lakini tulete msemaji mwingine, yule hapana. Tangu siku hiyo watu wanamcheka eti ana mkono mgumu hata kwa wakwe. Ameacha kupanda miti yake kuchuma, anasema hajiamini tena, ameweka vibarua. Mimi nazunguka nikiitukana mauntini, duka la Embu na yule fundi, na bado moyo unaniuma.

Wiki jana alikuja kwangu akisukuma baiskeli yake nyeusi, ile anayoendea kanisani, ameisugua mpaka inang'aa. Nilikuwa nimeipindua mauntini, najaribu kunyoosha gurudumu.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuharibia," akaniambia. "Uza hiyo, chukua hii yangu. Siku ya kurudi kwa wakwe usiende na aibu yangu."

Nilimwambia hapana, nitaitengeneza yangu, fundi ameshanieleza la kufanya. Uso wake ulisawijika. Aliiegemeza ukutani, akarudi kwake kwa miguu.

Ndugu wasomaji, nikiitengeneza mauntini nimrudishie yake, ataona bado nina kinyongo naye. Nikiichukua, kila siku nitakalia aibu niliyombebesha mtu aliyenilea. Nikisema ukweli, baba yake Kendi atajua nilitaka kumdanganya na miraa ya kununua, na huyo hasamehi. Kendi mwenyewe hajui lolote, analaumu ubahili wa baba mdogo, nami namsikiliza tu.

Jana baba mdogo alituma mtu kuniuliza kama nimeshamsamehe. Nishaurini, nimjibu nini?