Karate Isiyokuwa na Jina

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi lori lilipotushusha Bunia, siku ya tano tangu tutoke Aru. Safari yenyewe ni ya siku mbili barabara ikiwa na huruma, lakini mvua ilikuwa imeikata karibu na Nioka, na magari yalisimama kwenye matope moja nyuma ya jingine. Tulikaa juu ya mifuko ya saruji, tukala mihogo ya kuchoma waliyotuuzia akina mama kando ya njia, na kila jioni dereva alituapia kwamba kesho tutafika. Chini kabisa ya begi langu kulikuwa na kimono cha karate kilichogeuka rangi ya chai, na mkanda wa kahawia niliofungwa kiunoni nikiwa na miaka kumi na tisa.

Siku ile niliposhuka nilikuwa na arobaini na moja. Utasema huo si ujana. Kweli, si ujana. Lakini mtu asiyetulia hulibeba kosa lake la ujana kama mzigo wa mtu mwingine, mpaka apate mahali pa kulitua. Mimi nililitua Bunia.

Umeniandikia kwamba uliacha karate miaka sita, sasa unataka kurudi, na klabu ziko tatu mjini kwenu. Unauliza uchague mtindo gani. Nakuonya mapema: mimi mwenyewe sijui. Nitakueleza tu jinsi nilivyochagua vibaya.

Nilipokuwa kijana pale Bunia nilifundishwa na Metre Ukumu. Metre, ndivyo tulivyowaita walimu wa karate. Alikuwa mtu wa Mahagi, mfupi, fundi wa baiskeli, mwenye vidole vyeusi kwa grisi. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kabla ya kuinama mlangoni, kila mwanafunzi alitaja jina la aliyemfundisha. "Mimi ni wa Metre Ukumu," tulisema, hata mbele yake mwenyewe. Ukitembelea klabu nyingine unataja vilevile, kwa sauti, ndipo unaingia. Alisema mtu anayeingia bila kutaja ni kama mgeni anayekaa mezani kabla ya kusalimu.

Kisha nikaondoka. Sikumuaga. Nikafuata dhahabu migodini, nikachoka, nikavua samaki ziwani, nikachoka tena, nikapakua mizigo forodhani Aru mpaka goti la kulia likaanza kulia kama bawaba. Wazee husema mtembezi hula miguu yake. Mimi nilikuwa nimeshafika gotini.

Nilipanga chumba mtaa wa Rwambuzi kwa Mama Upio, mwanamke anayeuza nyanya, mwenye mdomo usiopumzika. Ni yeye aliyenipa habari.

"Metre Ukumu? Iko muzima," akasema. "Lakini mikono inatetemeka. Iko na wanafunzi kumi na tano hivi, kila Jumamosi, kwenye kiwanja nyuma ya kanisa. Anatafuta mutu wa kumwachia. Anauliza kila mahali bale wanafunzi yake ya zamani."

Mwanangu, sikulala vizuri baada ya maneno yale. Nilikuwa nimezunguka zaidi ya miaka ishirini bila mahali pa kusema hapa ni pangu, na sasa kulikuwa na mstari wa watu kumi na tano uliohitaji mtu wa kusimama mbele yake. Niliutaka mstari ule kuliko nilivyowahi kutaka dhahabu.

Mtu mwenye akili angeenda kesho yake na kilo ya sukari na sabuni, akaomba msamaha. Mimi nilifikiri kwa njia ya kona. Niliona aibu kwenda mikono mitupu. Nikajiambia, ngoja kwanza nijue mtindo. Metre hakuwahi kututajia mtindo wetu. Alisema "karate" tu. Sasa mji umejaa majina. Nikiwa na jina linalojulikana, nitamwendea kama mtu kamili, nitamwambia: Metre, tutafundisha hiki.

Basi nikaanza kuzunguka. Klabu ya Shotokan walisimama kwa miguu mirefu, chini sana, wazuri kutazama, na goti langu likanitukana njia nzima ya kurudi. Kwa watu wa Goju miguu ilikuwa mifupi na goti likafurahi, lakini walipumua kama mivukuto ya mhunzi, na nikijaribu nilihisi kizunguzungu. Kwa Kyokushin nilikuta vijana wa migodini wakipigana kifua kwa kifua bila glovu. Nilirudi na paja la zambarau. Ajabu ni kwamba kila mahali kulikuwa na kitu nilichokitambua. Mkono huu ni wetu. Hatua hii ni yetu. Ile nyingine siyo. Nilikuwa kama mtu anayeona pua ya baba yake kwenye nyuso za watu watatu wasiojuana.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mama Upio akachoka kuniona nikitoka na begi.

"Weye unachagua karate kama bale wateja yangu bamoja," akasema. "Unabonyeza nyanya yote, haununue hata moja. Mwisho nyanya inaoza, na vidole yako inabaki chafu."

Nilicheka. Mtaka yote hukosa yote. Nilijua methali hiyo tangu darasa la pili. Kuijua methali na kuisikia ni mambo mawili.

Jumapili iliyofuata klabu ya Shotokan walikuwa na mitihani ya mikanda. Mwalimu wao, Metre Baraka, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, alikuwa amewaalika wazee wa karate wa mji wakae kwenye benchi ukutani. Sikuwatazama. Niliinama tu mlangoni, bila kutaja jina, nikaingia na mkanda wangu wa kahawia.

"Papa, tuonyeshe kata moja," Metre Baraka akaniomba; Papa ndivyo wanavyomwita mtu mzima kule. "Tujue tukuweke wapi."

Kata unaijua, mwanangu, ile michezo ya hatua na ngumi unayoifanya peke yako, kama mtu anayepigana na kivuli kwa mpangilio. Nikafanya ile ya kwanza tuliyofundishwa. Nikaifanya kwa moyo wote. Nilipofika katikati nikasikia kicheko, kisha vicheko.

"Miguu iko Shotokan," mmoja akasema.

"Mikono iko Goju!"

"Na mwenyewe iko wapi?" wa tatu akauliza, na ukumbi wote ukapasuka.

Metre Baraka akawanyamazisha. Akaniuliza kwa heshima, "Papa, nani alikufunza?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya watu arobaini, jasho likinitoka. Jina lilikuja mpaka kwenye meno. Nikaogopa wataanza kulicheka na lenyewe. Au nikaogopa watanicheka zaidi. Mpaka leo sijatenganisha hofu hizo mbili.

"Hakuna," nikasema. "Nilijifunza mwenyewe, kwa picha, kule Aru."

Kwenye benchi mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu akanyanyuka polepole. Akapita mbele yangu akielekea mlangoni. Vidole vyake vilikuwa bado vyeusi. Akasimama kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mabega yako iko bado juu."

Ndilo neno alilokuwa akiniambia kila Jumamosi nikiwa na miaka kumi na tisa.

Kesho yake nikaenda kwake na sukari na sabuni. Nilimkuta ameketi kando ya gurudumu la baiskeli lisilo na tairi. Alipokea vitu kwa mikono miwili, akaviweka chini, akanionyesha kiti.

"Metre, nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jana. Kukasirika ni kazi ya vijana." Akazungusha gurudumu, akalitazama likiyumba. "Nilisikia uko hapa wiki tatu. Nikasema, atakuya. Kila jioni nikasema, kesho atakuya. Jana nilikwenda kule sababu yako. Nilitaka wakikuona, niseme huyu ndiye atachukua wanafunzi yangu."

Nikauliza swali la kijinga, kwa sababu ndilo lililokuwa limenizungusha mji mzima.

"Metre, yetu ilikuwa mtindo gani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mi najua? Mwalimu wangu hakusema. Pengine naye hakuambiwa. Pale alisahau, alijaza. Pale mi nilisahau, nilijaza. Weye sikukutuma utafute jina ya karate. Nilikupa jina moja ya kutaja mlangoni. Moja tu."

"Na wanafunzi, Metre?"

"Nimeshawapa. Jana, kisha ya mutihani."

Hakuniambia alimpa nani, nami sikuthubutu kuuliza. Majuto ni mjukuu, mwanangu, lakini wangu alizaliwa palepale na akaanza kutembea.

Niliondoka Bunia Jumamosi ya wiki ileile, na sijarudi. Nilipanda pikipiki kwenda kituo cha malori, na nikamwomba dereva apitie nyuma ya kanisa. Wanafunzi walikuwa wamejipanga mlangoni mwa kiwanja. Mmoja mmoja aliinama na kusema, "Mimi ni wa Metre Ukumu." Wa mwisho alikuwa Metre Baraka. Alikuwa amevua mkanda wake mweusi na kufunga mweupe, kama mtu anayeanza. Akainama, akataja jina lile kwa sauti, akaenda kusimama nyuma ya mstari. Ndipo nikajua aliyepewa ni yeye, na kwamba anajifunza kwanza. Wakaanza ile kata yetu, miguu ya huku na mikono ya kule. Hakuna aliyecheka.

Nikiwa barabarani, pikipiki ikinguruma, nami nikalitaja jina lake. Dereva akageuka, "Unasema?" Nikamwambia twende. Sijui kama jina lililotajwa nje ya mlango linahesabika.

Kwa hiyo, mwanangu, kuhusu mtindo, nenda na ule ambao magoti yako yanauvumilia na ambao mwalimu wake atakwambia ukweli. Funga mkanda mweupe bila kinyongo. Usizunguke wiki tatu. Lakini kabla ya yote nenda kwa yule aliyekufundisha kwanza, hata kama alikufundisha nusu nusu, na ukifika kwa wengine mtaje kabla hujaulizwa. Wakicheka, waache wacheke. Kicheko huisha jioni ileile.

Mungu akupe magoti yanayodumu na mabega yanayotulia. Akulinde barabarani, akupe mahali pa kusimama. Na siku utakapoulizwa mlangoni, jina likutoke kinywani kabla ya hofu.